Habari za Lionel Tattersall na Kibali cha Mvinyo cha Shule ya Crackenby

Sogeeni, enyi nyote mliowahi kupanga foleni saa nzima mkaambiwa dirisha lenu ni lile la pili. Nanyi mliojaza fomu kwa wino wa bluu mkarudishwa kwa sababu ilitakiwa ya wino mweusi, kaeni mbele kabisa, maana habari hii ni yenu. Zimeni simu. Mwenye kukohoa na akohoe sasa. Nitakayoyanena si ya wafalme waliogombania dhahabu na visiwa, kwa kuwa wale wana wasifiaji wao, nao wanalipwa vizuri. Mimi nawaletea habari za Lionel Tattersall, Muuza Mazulia, Jemedari wa Meza za Kukunja, mwenyekiti wa Chama cha Wazazi cha shule ya msingi ya Crackenby, na jinsi alivyotoka peke yake mchana kweupe, mvua ikimnyunyizia utosini, akazivamia ofisi tatu za serikali kabla ya saa kumi na nusu alasiri, kwa ajili ya raundi moja ya vinywaji.

Crackenby ni mji wa mawe na mvua, kaskazini mwa Uingereza, ambako kila mwaka mwezi wa Mei shule hufanya tamasha uwanjani. Watoto huzunguka nguzo yenye riboni mpaka wajifunge wenyewe, keki hupigwa mnada, na wazazi huzungumza juu ya hali ya hewa. Na kwa watu wa Crackenby, tamasha la shule lisilo na meza ya mvinyo na bia si tamasha, ni kikao cha wazazi kilichofanyiwa nje. Lakini sheria ya nchi ile haina mzaha. Ukitaka kuuza kileo mahali pasipo na leseni, hata kama ni chupa sita tu kwenye hema karibu na bembea, sharti uwape taarifa ya maandishi wakuu watatu: Dawati la Leseni, Polisi, na Afya ya Mazingira. Kisha zipite siku tano kamili za kazi kati ya siku uliyoitoa na siku ya tamasha. Siku ya kutoa haihesabiwi. Siku ya tamasha haihesabiwi. Jumamosi na Jumapili ni kama hazikuumbwa.

Lionel hakuwahi kuomba ukubwa. Siku ya uchaguzi aliinua mkono ili dirisha lifunguliwe, na kabla hajatamka neno watu wakapiga makofi, wakamwandika mwenyekiti, wakaenda zao nyumbani upesi asije akajitetea. Lakini mkuu ni mkuu, hata akitawazwa na upepo. Tangu siku ile sauti yake ikabadilika. Alianza kusema "kwa niaba ya wanachama wote" hata akiagiza chipsi.

Ndipo mwezi wa Machi akasimama kikaoni Bi Beryl Ogden.

Mjueni Bi Beryl. Yeye ndiye mvushaji wa watoto barabarani, mwenye koti la njano linaloonekana kutoka mlima wa pili, na fimbo ndefu yenye duara lililoandikwa SIMAMA, ambayo mbele yake malori ya mawe hufunga breki na madereva kukaa wima kama wanafunzi. Miaka thelathini na moja alisimama kwenye kona ile. Sasa goti limegoma, daktari amepanga kulipasua, naye baada ya hapo anahamia pwani, Whitby, kwa dada yake. Kamati ikamuuliza angependa kuagwa na zawadi gani.

"Sitaki saa ya ukutani," Bi Beryl akasema. "Ninayo. Sitaki maua, yananipigisha chafya. Ninachotaka ni hiki. Siku ya tamasha nisimame pale kwenye meza ya vinywaji, niseme raundi hii ni yangu, niwanunulie walimu wote na kila mzazi aliye karibu. Hela yangu. Basi."

Mweka hazina, mtu mwembamba anayependa njia za mkato, akasema, "Lakini Bi Beryl, tukivigawa bure hatuhitaji kibali chochote. Sheria ni ya kuuza. Tunakupa trei, unagawa, kwisha kazi."

Bi Beryl alimtazama kama anavyolitazama gari linalosogea kabla hajashusha fimbo.

"Bure? Raundi ya bure ndiyo mnyama gani, kipenzi? Hiyo ni sadaka. Kila Ijumaa watu wa mji huu wananinunulia kinywaji, nami nawanunulia wote zamu yangu ikifika. Lakini shule hii sijawahi kuinunulia hata soda, maana kila mwaka siku ya tamasha niko barabarani nawavusha nyinyi na vitoto vyenu, nikimaliza mmeshakunja meza. Sitaondoka Crackenby hivyo. Nife nikiwa mtu aliyeondoka kabla ya raundi yake? Mimi?"

Mweka hazina akafunga daftari lake. Kwa kuwa katika nchi ile mtu anaweza kusamehewa kuiba kondoo, akasamehewa kumkimbia mke, lakini mtu anayekunywa vya wenzake kisha akavaa koti zamu yake inapokaribia, huyo hutajwa hata na wajukuu.

Lionel akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake, akasema, "Bi Beryl! Kwa niaba ya wanachama wote, mimi Tattersall naapa: raundi yako utainunua, na utailipia, na sheria itakaa kando na kuinamisha kichwa!"

"Asante, mwanangu," akasema Bi Beryl. "Okota kiti."

Mngedhani mtu aliyekula kiapo kizito hivyo angekimbia kesho yake na fomu mkononi. La. Ilibidi kwanza kamati iamue kitakachouzwa. Kikao cha kwanza kilijadili kama mvinyo uwe mwekundu au mweupe. Cha pili kilijadili muhtasari wa kikao cha kwanza, ambamo mtu aliandikwa amesema "mwekundu" naye anakumbuka alisema "labda mwekundu". Cha tatu kiliahirishwa kwa kuwa birika kubwa la chai lilivuja na watu wale hawawezi kufikiri bila chai. Siku zikaenda, wiki zikaenda, ikafika Alhamisi ya mwisho wa Aprili, na tamasha lilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Siku hiyo, saa tisa kasorobo, Lionel akaingia ofisi ya shule akipiga mluzi, fomu imejazwa, wino mweusi, mwandiko wa kupendeza. Nyuma ya meza aliketi Bi Eckersley, karani wa shule, Mlinzi wa Mashine ya Kuchapa, mwanamke ambaye mwalimu mkuu mwenyewe hubisha hodi kwake mara mbili.

"Kesho Ijumaa naipeleka," akasema Lionel, akaitandaza fomu kama ramani ya vita. "Nimehesabu. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Siku tano kamili, wala haipungui hata moja. Historia itasema Tattersall alikuja kwa wakati wake."

Bi Eckersley hakuinua macho. "Jumatatu ni sikukuu."

"Sikukuu ya nani?"

"Ya benki. Jumatatu ya kwanza ya Mei. Kila mwaka, Lionel. Tangu ukiwa mdogo."

Kalenda ilining'inia ukutani, yenye picha ya punda wa kituo cha punda wazee, na Jumatatu ile ilikuwa nyekundu kama jicho la mlevi. Lionel akaanza kuhesabu upya kwa vidole. Jumanne. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Kidole gumba kikabaki kimesimama peke yake, hakina siku ya kushika.

Oo, msikilizaji, umewahi kuona zulia jipya likitandikwa chumba kizima, na kwenye kona ya mwisho likapungua upana wa kiganja? Muuza mazulia huyo aliwahi. Ndivyo moyo wake ulivyopungua.

"Basi ni leo," akasema kwa sauti ndogo.

"Ni leo. Ofisi zinafungwa saa kumi na nusu. Tuma kwa mtandao."

Wakafungua tovuti ya halmashauri. Ikawaka, ikafikiri, ikaonyesha picha ya katuni mwenye kofia ya ujenzi: *Samahani, tuko kwenye matengenezo hadi kesho.* Kwa mtandao fomu moja ingetosha, halmashauri ingewagawia wenzake. Lakini kwa karatasi, mtu hujipelekea mwenyewe, nakala tatu, milango mitatu, siku hiyohiyo.

"Nakala tatu, Bi Eckersley," akanena Lionel, mkono kifuani. "Naomba mashine yako itume moto wake, izae wana watatu wanaofanana, ili..."

"Nyeusi na nyeupe," akasema Bi Eckersley, tayari anabonyeza. "Rangi siruhusu. Na uache kuongea, Lionel. Kila ukifungua mdomo dakika mbili zinakufa."

Gari lake lilikuwa juu ya jeki kwa fundi. Nje, ukutani, iliegemea baiskeli ya mkewe, ya zambarau, yenye kikapu mbele kilichozungushiwa maua ya plastiki. Akaipanda. Kwenye kona Bi Beryl alikuwa ndiyo kwanza anajifunga koti lake la zamu.

"Unakwenda wapi na baiskeli ya Joanna?"

"Vitani, Bi Beryl! Kwa ajili ya raundi yako!"

"Si ulisema umeshaipeleka ile karatasi?"

Lionel akapiga kengele ya baiskeli, maana shujaa haulizwi maswali ya namna hiyo. Bi Beryl akamtazama kidogo. Sauti yake haikuwa na mzaha ule wa siku zote. "Isipowezekana, mwanangu, haidhuru. Nitakunywa chai kama wengine."

Naye akageuka haraka kutazama barabara, ambako hapakuwa na gari hata moja. Jambo hilo ndilo lililomchoma Lionel kuliko mkuki. Bi Beryl akashusha fimbo yake katikati ya barabara tupu, akamfungulia njia, naye akapita, miguu ikizunguka, maua yakitikisika, mvua ikianza.

Ngome ya kwanza ilikuwa Dawati la Leseni, ghorofa ya pili ya jumba la halmashauri. Akapanda ngazi mbilimbili mpaka ngazi ya tisa, kisha mojamoja, kisha akapumzika. Kwenye dawati aliketi Shazia Mehmood, msichana mwenye hijabu ya kijani na kikombe kilichoandikwa *Usiniulize*.

"Ewe binti Mehmood, mwenye mihuri!" Lionel akahema. "Mbele yako amesimama mtu aliyevuka mvua na mlima, si kwa faida yake, bali kwa heshima ya mama mmoja ambaye..."

"Ni taarifa ya tukio la muda?" Shazia akauliza.

"Ndiyo."

"Basi leta, anko. Hayo mengine hayana kisanduku kwenye fomu." Akapitisha kalamu juu ya kurasa, haraka kama mtu anayechambua mchele. "Idadi ya watu, sawa. Saa, sawa. Mahali: umeandika 'uwanja mtukufu wa shule'. Nafuta mtukufu. Hapa hujasaini."

"Wapi?"

"Hapa. Na nakala hii. Na hii. Nakala zote tatu hujasaini. Ungefika polisi nazo hivi wangekurudisha."

Akasaini mara tatu, jasho likidondokea jina lake. Shazia akagonga muhuri, *du!*, na sauti ile ikamwingia Lionel masikioni kama ngoma ya ushindi.

"Sikiliza, anko," akasema Shazia. "Umekuja dakika za mwisho, na wa dakika za mwisho hana rufaa. Polisi akipinga, au Afya ya Mazingira akipinga, imekufa. Hakuna kikao, hakuna kujieleza. Kwa hiyo huko uendako, jibu unachoulizwa tu. Usihutubie."

"Mimi? Kuhutubia?"

"Nenda."

Ngome ya pili ilikuwa kituo cha polisi, na nyuma ya kioo sajenti mwenye masharubu alikuwa akila biskuti.

"Mnatarajia fujo?" akauliza, akisoma.

"Hapana, afande. Kuna mnada wa keki tu."

"Keki za nani?"

"Ya limau ni ya Bi Eckersley."

Sajenti akaacha kutafuna. "Hiyo ya limau nayo inapigwa mnada? Mbele ya watu?" Akatikisa kichwa. "Basi fujo zitakuwepo. Mwaka juzi mke wangu na dada yake hawakusemezana mpaka Agosti." Hata hivyo akaandika saa ya kupokea, akatia sahihi, akasukuma risiti chini ya kioo. "Nitakuja mwenyewe Jumamosi. Kulinda amani. Saa ngapi wanaanza keki?"

Saa ya ukutani ilisema saa kumi na dakika tano. Ngome ya tatu ilikuwa mbali kuliko zote, chini kwenye bonde, kando ya yadi ya kutupia takataka, ambako halmashauri iliihamishia Afya ya Mazingira kwa sababu ambazo hakuna aliyewahi kuzieleza. Naam, akateremka mlima ule! Breki za mbele zilipiga kelele kama nguruwe, za nyuma zilikuwa za kumbukumbu tu. Kondoo waliinua vichwa. Ua moja la plastiki likang'oka likaenda zake. Maji ya madimbwi yakamrukia mpaka kwenye nyusi, na suruali yake ya kupimia mazulia, iliyopigwa pasi asubuhi kwa mikono yake mwenyewe, ikawa na ramani ya wilaya nzima.

Saa kumi na dakika kumi na nane akausukuma mlango.

Na hapo, enyi mliosogea, hapo ndipo vilipokuwa vita vyenyewe. Maana mle ndani hamkuwa na joka, wala askari, wala ukuta wa moto. Mlikuwa na foleni.

Watu watatu. Dirisha moja. Tangazo: *Hufungwa saa kumi na nusu kamili.* Mbele kabisa bibi mmoja mwenye mwavuli akilalamika juu ya jogoo wa jirani, kwa kirefu, akimwigiza. Nyuma yake mwanamume mwenye picha za pipa la taka, zimepangwa kwa tarehe. Nyuma yake msichana wa mgahawa mwenye karatasi za usafi wa jikoni.

Ninyi mngefanyaje? Mngesema, jamani nina haraka, mkapita. Lakini Lionel ni mtu wa Crackenby. Alinyonya heshima ya foleni pamoja na maziwa. Babu yake alisubiri daktari saa nne na mguu uliovunjika kwa kuwa hakutaka kumsumbua mwenye mafua aliyetangulia. Kupita mbele ya watu? Afadhali avue nguo atembee sokoni. Basi akachomoa silaha tatu za ukoo wake. Kwanza akakohoa. Hakuna aliyegeuka. Pili akatazama saa, akainua mkono juu ili wote waione saa ikitazamwa. Hakuna. Tatu akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu asiyelalamika, ambayo katika nchi ile ni malalamiko makubwa kuliko yote.

"Una pumu?" akauliza yule mwenye pipa.

Saa kumi na dakika ishirini na mbili. Jogoo alikuwa amefika kwenye tabia zake za Jumapili. Ndani ya kifua cha Lionel majeshi mawili yalikutana: upande huu mababu zake wote, wamepanga mstari, wamenyooka, kimya; upande ule Bi Beryl, akitazama barabara tupu. Mapigano yale hayakuonekana na mtu, ila masikio yake yaligeuka mekundu.

"Samahani," akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa. "Samahani sana. Sipendi kabisa kuuliza, na mkikataa nitaelewa, kwa kweli ningependelea mkatae, lakini kama kuna uwezekano mdogo, na kama si usumbufu... naomba... kutangulia."

Bibi wa jogoo akageuka polepole, mwavuli mkononi.

"Kutangulia?"

"Nina fomu. Ya tamasha la shule. Kuuza vinywaji. Leo ikipita, imekufa. Bi Beryl anaondoka, anataka anunue raundi yake, na mimi nimehesabu vibaya. Nilisahau Jumatatu." Hapo Lionel alipiga hotuba fupi kuliko zote maishani mwake, na hakuijua kuwa ni hotuba. "Ni kosa langu tu."

"Beryl yupi?" akasema mwenye pipa. "Beryl wa fimbo?"

"Huyo."

"Aliwahi kunirudisha nyumbani nikabadilishe viatu," akasema yule mwanamume. "Nilikuwa na miaka sita. Kiatu kimoja cha dada yangu. Akasema havuki mtu barabara yangu hivyo." Akasogea pembeni na mapicha yake. "Pita bwana."

"Anaondoka?" msichana wa mgahawa akasema. "Hakuna aliyeniambia. Pita, pita, mimi nitakuja kesho."

Akabaki bibi wa jogoo. Akampima Lionel tangu nyusi zenye tope hadi viatu.

"Mimi sikuvushwa na Beryl Ogden," akasema. "Nilikuwa mtu mzima alipoanza. Ila amewahi kukaa na mimi baa ya Mwana-Kondoo siku ya mazishi ya mume wangu, na zamu yake ilipofika alinunua, na yangu ilipofika akaniacha ninunue. Wengine wote walinikataza. Yeye aliniacha." Akakunja mwavuli. "Huyo jogoo atakuwepo na kesho. Haya, pita kabla sijabadili mawazo."

Nyuma ya dirisha alikaa ofisa mmoja aitwaye Garth, mwenye sweta la kahawia na uso wa mtu ambaye kazi yake ni makelele ya wengine.

"Mimi natoka Leeds," akasema kabla hajaulizwa. "Simjui huyo mama. Muziki utakuwepo?"

Lionel akafungua mdomo. Ndani yake sentensi kubwa ilikuwa imeshainuka, yenye tai na ngao. Akaimeza.

"Upo."

"Wa aina gani?"

"Filimbi za plastiki. Darasa la tatu."

Garth akaweka kalamu chini. Watu wa foleni, ambao hakuna aliyeondoka, wakasogea karibu. Dakika ya ishirini na saba ikapita mbele yao bila kuaga.

"Wangapi?"

"Ishirini na wanane."

"Kwa pamoja?"

"Wanajaribu."

"Nyimbo ngapi?"

"Mbili," akasema Lionel, kisha ukweli ukamshinda. "Tatu, wakishangiliwa."

Garth akatazama dirishani, kwenye milima ya magodoro mabovu. "Mwanangu alipewa filimbi hiyo Krismasi," akasema taratibu. "Mke wangu alihamia kwa mama yake siku kumi. Ningeweza kupinga hii sasa hivi. Nina haki zote."

"Unazo," akasema Lionel.

"Msiwashangilie."

"Hatutawashangilia."

"Nipe."

Akagonga muhuri. Saa kumi na dakika ishirini na tisa, Alhamisi, mbele ya mashahidi watatu na harufu ya yadi. Bibi wa jogoo akasema, "Vizuri sana," na mwenye pipa akampiga Lionel begani mara moja. Kwa watu wale hiyo ni sawa na kubebwa juujuu mji mzima kwa vigelegele.

Jumanne ikapita, Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita, na hakuna mkuu aliyepinga.

Jumamosi jua lilitoka, kwa kujilaumu, kama mgeni aliyechelewa. Kibali kilibanwa kwenye nguzo ya hema la vinywaji, ndani ya mfuko wa plastiki, Lionel amesimama chini yake kama askari wa kaburi la mfalme. Darasa la tatu wakapiga nyimbo zao mbili, na watu wakanyamaza kwa nidhamu ambayo watoto hawakuielewa hata kidogo. Sajenti alinunua keki ya limau. Kisha, saa tisa na robo, Bi Beryl akaja mezani. Hakuwa na koti la njano. Alivaa gauni la bluu, kashika kipochi kwa mikono miwili, na watu walichelewa kumtambua kwa kuwa hawakujua kwamba alikuwa mfupi hivyo.

"Haya," akasema, akafungua kipochi. "Raundi hii ni yangu. Nani anakunywa nini?"

Mwalimu mkuu akatia mkono mfukoni. "Bi Beryl, tafadhali, nikusaidie kido..."

"Rudisha hiyo pochi. Usinitie aibu mbele ya watoto. Mvinyo?"

"Mweupe, tafadhali."

"Mweupe mmoja. Bi Eckersley?"

"Mwekundu. Labda."

Akaenda hivyo mtu kwa mtu, uwanja mzima, akikumbuka na waliokaa nyuma ya kasri la mpira lililojazwa upepo, la watoto kurukia, na meza ikajaa glasi, na Lionel akamimina mpaka mkono ukafa ganzi. Bi Beryl akalipa. Noti zilikuwa mpya, zimenyooka, za kutoka benki siku hiyohiyo. Akapokea chenji yake, akaihesabu, akaifungia kipochini, na uso wake ukawa wa mtu aliyeweka chini mzigo uliokuwa mgongoni miaka yote ile bila yeye kuutaja.

"Na wewe, Lionel?"

"Mimi niko kazini, Bi Beryl."

"Nimekuuliza unakunywa nini."

Shujaa akanywa nusu glasi ya bia iliyotiwa soda ya limau.

Basi na iandikwe, na watakaokuja wasome: katika mwaka ule, katika mji ule wa mawe na mvua, Tattersall Muuza Mazulia, Mmezaji wa Hotuba, Mvukaji wa Foleni kwa Idhini ya Foleni, alileta karatasi tatu kwenye milango mitatu na dakika moja ikabaki. Iliandikwa kweli. Fungueni muhtasari wa Chama cha Wazazi, kikao cha Juni, kipengele cha sita, baada ya suala la birika: *Vinywaji viliuzwa. Kibali kilikuwepo. L. T. ashukuriwe.*

Wapo wafalme waliojengewa minara kwa machache kuliko hayo.